Sanduku Lililoacha Kusubiri

Mimi ni mtu wa haraka, sikatai. Nyumbani kwetu Kasongo nilisemwa tangu utotoni kwamba nasalimia kama mtu anayefukuza kuku: neno nimelitupa, mguu umeshapita. Aliyenichoka zaidi ni shangazi yangu, dada wa baba. Kila alipokuja kututembelea kutoka Kabambare alinisimamisha uani na kunirudisha mlangoni nianze upya. "Umeniuliza habari ya safari," anasema, "basi ngoja nikupe. Ao ulikuwa unauliza miguu yangu?" Watu wanacheka, mimi naona aibu, na kesho yake narudia yaleyale.

Nimeanza na shangazi kwa sababu sauti yake ndiyo habari yenyewe.

Nilisomea mambo ya kompyuta, nikapata kazi kwenye mradi mdogo wa afya uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili hapahapa Kasongo. Mradi ule ulileta vioski vya kusema. Jina kioski lilibaki ofisini tu, maana huko vijijini watu waliona sanduku la chuma, wakaliita sanduku. Mbele lina kioo cha kugusa, chini spika, ndani kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani pamoja na betri, na juu ya bati plaki ya sola. Liliwekwa kwenye baraza la kituo cha afya, pale wanawake wenye mimba wanapokaa kwenye benchi kungoja zamu. Mwanamke anagusa picha, iwe ya mama mwenye tumbo, ya chandarua au ya sahani, na sanduku linaanza kumweleza ale nini, dalili zipi ni za hatari, arudi lini. Mtandao kule hakuna. Kitu chochote kipya cha kuingia ndani yake, programu au masomo, lazima mtu akibebe kwenye kle, ile flashi ndogo, apande pikipiki, afike, achomeke. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Masomo yalipokuwa yakitengenezwa, ofisi ilitafuta mwanamke wa kuyasema kwa Kiswahili cha kwetu na kwa Kibangubangu, tena anayejua uzazi. Nikamtaja shangazi. Alikuwa mkunga maisha yake yote, akaacha kazi kwa sababu ya magoti. Kabambare ukitembea naye barabarani hamfiki mnakokwenda, kwa jinsi anavyosimamishwa na watu aliowapokea wakizaliwa.

Nilimpelekea kinasa sauti na karatasi ya maneno. Akaisoma yote, akaiweka mezani, akanitazama.

"Na mutu iko wapi?"

"Mtu gani?"

"Ule ninasema naye."

Nikamweleza kwamba hakuna mtu, anasema na kinasa sauti, watu watasikia baadaye. Alikataa katakata. Kusema peke yake chumbani, alisema, ni kazi ya vichaa na ya wanasiasa. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaelewana hivi: mimi nikae mbele yake kwenye kigoda, niwe ndiye mama mwenye mimba, nijibu kila anachouliza, ila nijibu mdomo ukiwa umefungwa ili sauti yangu isiingie. Alinifunga hata mto wa pamba tumboni, chini ya kitenge. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kila somo alilianza kwa salamu. "Jambo, mama. Umeamukaje?" Halafu ananitazama. Mimi natikisa kichwa, na moyoni nasema nimeamka vizuri. Anangoja mpaka nimalize. "Eee, nimesikia. Kichwa haiumi? Macho inaona muzuri?" Anangoja tena. "Eee, nimesikia. Na mutoto anacheza? Weka mukono, umusikilize." Hapo ndipo alipongoja kuliko pengine pote. Niliweka mkono juu ya ule mto, nikakaa, nikaanza kuona vibaya, nikatulia. Hakuendelea mpaka alipouona uso wangu umekuwa uso wa mtu aliyesikia kitu. "Eee, nimesikia, mama," akasema, kwa upole ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuupata kwake.

Nilimwambia anakaa kimya muda mrefu mno, watu watachoka. "Unamusalimia mutu, haumupe nafasi ya kujibu," akasema, "basi ulimusalimia nini?" Nikamwachia. Katika kimya kimoja alilia mbuzi wa jirani, naye nikamwacha humohumo.

Sanduku la kwanza tuliliweka kwenye kituo kimoja upande wa Wamaza. Siku ya kuliwasha nilisimama kando, kle mkononi, nikiona kazi yangu. Mama wa kwanza akagusa picha. Shangazi akamuuliza ameamkaje. Yule mama akajibu, tena kwa sauti: "Nimeamuka, mama, lakini mugongo."

Benchi zima hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Wenzake walinitazama kama mtoto aliyekosa adabu msibani. Salamu imekuja, unaijibu. Aliyeko nyuma ya chuma ni nani, hilo ni jambo lingine. Na kwa kuwa shangazi alikuwa ameacha nafasi ya jibu, jibu lilitosha pale, halafu yeye akasema amesikia, akaendelea.

Muuguzi wa kituo kile alikuwa mwanamke mpole, mzito wa mwendo. Tangu siku ile alihamishia meza yake dirishani, upande wa baraza, akawa anakunja bandeji zake pale. Alikuwa anasikiliza majibu. Wanawake walijua kwamba anasikiliza, yeye naye alijua kwamba wanajua, na hakuna aliyelitaja. Kumwambia muuguzi uso kwa uso kwamba unaumwa ni kujitafutia maneno: mbona ulichelewa, umekula nini, mume yuko wapi. Kumjibu shangazi ilikuwa ni adabu tu. Muuguzi akisikia jambo la kumtia wasiwasi, hatoki mbio. Anamaliza kukunja, anatoka na kipimo cha presha mkononi, anasema, "Wewe, leo tuanze na wewe."

Kulikuwa na mmoja aliyekuwa mgeni. Alitoka mbali, upande wa ziwa, akamfuata mume wake aliyekuja kuchimba dhahabu. Hana mama pale, hana wifi, hana hata wa lugha yake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Muuguzi akimuuliza hali, jibu lake lilikuwa moja, "Muzuri tu," na macho chini. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nafuta vumbi kwenye plaki ya sola nikamwona amefika zamu yake kwenye sanduku. Shangazi akamuuliza kama kichwa hakiumi. Akainama karibu na spika, akasema polepole kama mtu anayemwambia mama yake, "Inauma, mama. Na macho iko inaona nyota-nyota."

"Eee, nimesikia," sanduku likasema, na mle dirishani nikasikia kiti kikivutwa.

Presha yake ilikuwa juu sana. Siku ileile alipakiwa kwenye pikipiki, kati ya motari, yule mwendesha pikipiki, na mume wake, wakampeleka hospitalini. Alirudi mzima, na mimba yake nzima. Muuguzi alimwambia aje kila juma mpaka azae. Aliniambia na mimi, siku nyingine, kwamba presha kipimo kinaiona, lakini mtoto akianza kupunguza kucheza tumboni hakuna kipimo cha kumwambia mapema, ni mama mwenyewe aseme. Yule mgeni alikuja kila juma bila kukosa. Anakaa mwisho wa benchi, anavuta kitenge magotini, anangoja zamu yake ya kuulizwa ameamkaje. Nilimpenda bila kumjua.

Kisha likaja toleo jipya. Vitabuni wanasema kusasisha; sisi ofisini tunasema mizajuru, na maana ni ileile, cha zamani kitoke cha kipya kiingie. Ofisi kuu, iliyo katika mji ambao sijawahi kufika, ilituma programu isiyokwama wakati wa joto, pamoja na masomo mapya ya chanjo. Nafasi ndani ya yale masanduku ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mtu wa huko, ambaye sikumwona na hakutuona, alizipitisha sauti zetu zote kwenye programu ya kukata sehemu tupu. Aliandika hivyohivyo: sehemu tupu zimeondolewa. Somo la shangazi lilikuwa limepungua karibu nusu.

Nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe kuna mtu mwingine duniani mwenye haraka kama mimi.

Mvua zilikuwa zimeanza. Motari aliyenichukua alilalamika njia nzima, na penye magogo ya kuvukia mto nilishuka nikatembea kwa miguu, begi la kompyuta kichwani. Tulipofika benchi lilikuwa limejaa. Nikafungua mlango wa nyuma wa sanduku, nikachomeka kle, nikaanza. Kwenye kioo kukatokea onyo la kutozima, na mstari mwembamba unaosogea polepole kuonyesha kazi ilipofika. Wanawake wakawa wanautazama.

"Iko mugonjwa?" mmoja akauliza.

"Hapana, tunambadilisha kidogo tu."

"Atarudia yeye yule?"

"Yeye yule," nikasema.

Sanduku likazima, likawaka. Nikagusa picha ya kwanza. Shangazi akaanza, na maneno yakatoka yamefuatana bila pumzi: umeamukaje eee nimesikia kichwa haiumi macho inaona muzuri eee nimesikia na mutoto anacheza weka mukono umusikilize eee nimesikia mama. Hata yule mbuzi alikuwa ameondolewa. Bibi mmoja aliyemsindikiza mke wa mwanawe alishtuka kabisa. "Amesikia nini?" akauliza. "Sijasema." Kisha akatikisa kichwa. "Leo iko na haraka. Pengine ameacha sombe kwa moto."

Benchi likacheka, na mimi nikacheka nao, kwa raha hasa. Zamu ya yule mgeni ikafika. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa. Akagusa picha, akainama karibu na spika kama kawaida yake, akafungua mdomo; sauti ilikuwa imeshafika kwenye maharage na mboga za majani. Akalisikiliza somo mpaka mwisho. Akagusa tena. Safari hii aliinama mapema zaidi, lakini ikampita vilevile. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akarudi kukaa.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu. Wingu lilikuwa limesimama, motari anapiga honi kwamba tukinyeshewa hatupiti, nami nikafunga begi, nikamuaga muuguzi kwa mkono mmoja, nikapanda.

Kutoka pale niliendelea hadi Kabambare, ambako kulikuwa na sanduku la pili. Nililala kwa shangazi, na asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikamfungulia kompyuta asikie jinsi alivyoboreshwa. Nilitegemea atacheka. Alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Zima."

Nikazima.

"Ule haiko mimi," akasema. Nikamweleza habari ya nafasi, habari ya masomo mapya ya chanjo, na kwamba hakuna neno lake hata moja lililokatwa. Aliniacha nimalize, maana yeye humwacha kila mtu amalize. "Nimekaa na wanawake ya watu tangu niko kijana. Hata siku moja sijamuambia mutu nimesikia, na mimi sijasikia. Leo mumenifanya muongo mbele yao." Sikuwahi kumwona shangazi akilia, na siku ile pia hakulia, lakini aliuacha mchele ulivyo akaingia ndani. Kutoka mle akasema neno moja tu: "Rudisha."

La Kabambare sikuligusa, nikaliacha na vimya vyake. Ila lile la upande wa Wamaza sikuwa na cha kulirudishia pale nilipo. Toleo la zamani lilikuwa limefutwa ili jipya lipate nafasi, zile za ndani ya sanduku la Kabambare zimefungwa hazinakiliki, na sauti zenyewe za asili zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, Kasongo. Nilirudi Kasongo. Nikaandika ofisi kuu. Wakajibu kwamba wamechunguza, sauti zinasikika vizuri, hakuna tatizo la kiufundi. Nikaandika tena, kwa maneno marefu zaidi, nikieleza habari ya benchi, ya dirisha, ya bandeji. Jibu halikuja. Na mvua nazo zikakaza, magogo yale ya mtoni yakachukuliwa na maji, hakuna motari aliyekubali hata nilipompandishia bei.

Nikangoja. Mimi, mtu ambaye hajawahi kungoja hata salamu iishe, nilikaa mle ofisini Kasongo nikisikiliza mvua kwenye bati, na kila juma, siku ya wenye mimba ikifika, nilimwaza yule mwanamke mwisho wa benchi. Nilijiambia ana muuguzi. Nilijiambia ni salamu tu, watu hawafi kwa kukosa salamu. Mwishoni niliacha kuomba ruhusa. Nikafuta somo moja la chanjo lenye picha za video, nafasi ikapatikana, nikazirudisha sauti za shangazi zilivyokuwa, na mbuzi wake. Jua lilipowaka na magogo kuwekwa upya, nikaondoka kesho yake.

Muuguzi alinipokea barazani. Nilitaka kumweleza moja kwa moja nilichokileta, lakini nikajizuia nikamuuliza kwanza habari za siku nyingi. Akaniambia.

Yule mgeni alikuwa amezaa. Mtoto alizaliwa tayari amekufa. Presha yake haikuwa mbaya, na kila juma alikuja, akakaa, akalisikiliza sanduku mpaka mwisho, akaingia ndani, akaulizwa hali, akasema muzuri tu. Baada ya kuzaa ndipo aliposema. Mtoto alikuwa ameanza kupunguza kucheza siku nyingi. "Nilitaka kumwambia ule mama," akamwambia muuguzi, "lakini alikuwa hangoje tena."

Muuguzi hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alisema huenda hata wangejua asingefika hospitalini, kwa zile mvua. Huenda. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile na halijanisaidia kitu. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekipanga, benchi na dirisha na kimya cha mkunga mzee, nacho kilikuwa kinafanya kazi. Kikatoka mikononi mwetu siku nilipokuwa nacheka. Natamani siku ile mvua ingeninyeshea palepale kituoni, nikalala, nikaona asubuhi wakikaa bila kujibu.

Shangazi mpaka leo huniuliza kama wanawake wanamjibu. Namwambia wanajibu. Simwambii lililompata yule mgeni, na sijui nitamwambia lini.

Maana kazi niliifanya, siku ileile muuguzi aliponieleza. Mbele ya benchi lililojaa nilichomeka kle, mstari ukasogea mpaka mwisho, sanduku likawaka. Yule mgeni alikuwepo. Alikuja kwa sababu ya maziwa yaliyokuwa yanamuuma kifuani, akakaa mahali pake palepale, mwisho. Binti mmoja ambaye sikumjua akagusa picha.

"Jambo, mama. Umeamukaje?"

Ukafuata ule muda wote wa kujibu, mzima, kama tulivyoutengeneza mimi na shangazi. Binti akafungua mdomo. Bibi aliyekaa kando yake akamgusa goti. "Usijibu," akamwambia. "Ile haingoje mutu." Binti akafunga mdomo, na wote wakakaa mikono mapajani, wakisikiliza kama wanavyosikiliza redio.

"Eee, nimesikia. Kichwa haiumi? Macho inaona muzuri?"

Mbuzi wa jirani akalia ndani ya spika. Hakuna aliyesema neno. Muuguzi alikuwa dirishani, bandeji mkononi, ameacha kukunja.

"Eee, nimesikia. Na mutoto anacheza? Weka mukono, umusikilize."

Mwisho wa benchi yule mgeni akaweka mkono. Nadhani ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Ukalala juu ya kitenge, tumboni, na yeye akaangalia mbele, kwenye kioo. Kimya kile kilikuwa changu. Ni mimi niliyekaa kwenye kigoda na mto wa pamba, nikaona vibaya, nikatulia, shangazi akinitazama usoni. Nilijua urefu wake. Nilitaka kuruka nilizime sanduku, na kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu haikuwa na haraka.

"Eee," shangazi akasema, kwa ule upole wake, "nimesikia, mama."

Akauondoa mkono.